Mwongozo wa Mkuu wa Kampuni Aendaye Kusomea Wajibu kwa Jamii

Ikiwa wewe, msomaji mheshimiwa, umekabidhiwa uongozi wa kampuni yenye watumishi mamia na mali ya watu wengi, na bodi ya wakurugenzi imeazimia kukupeleka chuoni kwa juma moja au mawili ili ukajifunze uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, basi kabla ada haijalipwa na tiketi haijakatwa inakupasa ujiulize jambo ambalo matangazo ya vyuo hayalitaji: unakwenda kujifunza namna ya kutoa, au unakwenda kujifunza namna ya kuchuma? Mafunzo ya namna ya kwanza ni mengi, ni mepesi, na humrudisha mtu nyumbani amefurahi. Ya namna ya pili ni machache, yana uzito, na aghalabu humrudisha mtu akiwa na kazi ambayo asingependa kuianza. Mwongozo huu ni wa hiyo namna ya pili, kwa kuwa naitakidi kwamba mafunzo yoyote ya wajibu yasiyomfikisha mkuu wa kampuni kwenye bei anazonunulia, ujira anaolipa, siku anazowachelewesha wanaomdai na maji machafu anayoyaelekeza mtoni, hayajamfikisha popote.

Mfanyabiashara apimaye mchele kwa kibaba pungufu siku sita, kisha Ijumaa akasimama mlangoni pa msikiti kugawa sadaka, hakupata kuhesabiwa na wazee wa pwani kuwa mkarimu, maana walijua kwamba kile anachokigawa kimetoka katika haki ya walewale wanaokipokea. Rai hiyo ya wazee leo imo katika maandishi ya mataifa. Mwezi Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliziidhinisha Kanuni Elekezi 31 za biashara na haki za binadamu, zilizotayarishwa chini ya Profesa John Ruggie, na katika ufafanuzi wa kanuni ya 11 imeelezwa bayana kwamba kampuni yaweza kufanya mema mengine kwa hiari yake, lakini mema hayo hayafidii kushindwa kwake kuheshimu haki za watu katika shughuli zake. Ufafanuzi huo ni mfupi. Usome hata uukariri kabla ya kuondoka, kwa kuwa ndio utakaokusaidia kupambanua, kati ya mengi utakayofundishwa, lipi ni kiini na lipi ni pambo.

Fauka ya huo, yako maandishi machache ambayo si vema kuingia darasani bila kuyajua, ili usije ukayapokea mambo ya kale kama habari mpya. Mwaka 1953 Howard Bowen, mchumi wa Marekani, alitoa kitabu juu ya wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii, katika mfululizo uliodhaminiwa na makanisa ya nchi ile, na wengi humhesabu kuwa ndiye aliyeianzisha elimu hii katika sura yake ya sasa. Tarehe 13 Septemba 1970 Milton Friedman alipinga mawazo ya namna hiyo katika jarida la gazeti la New York Times, akidai kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida. Makala hiyo isome yote, wala usitosheke na kichwa chake kama wafanyavyo wengi wanaoipenda na wengi wanaoichukia. Utaona kwamba Friedman mwenyewe aliifungia faida ndani ya sheria za nchi na desturi za maadili za watu, na sharti hilo, likichukuliwa kwa uzito wake, lingewafunga wakurugenzi wengi wanaojificha nyuma ya jina lake. R. Edward Freeman, mwaka 1984, aliwafundisha watu wa biashara kuwatazama wadau wote na si wenye hisa peke yao. Na Archie Carroll, mwaka 1991, alichora piramidi ambayo bila shaka utaonyeshwa siku ya kwanza: chini kabisa wajibu wa kiuchumi, juu yake wa kisheria, juu yake wa kimaadili, na kileleni ufadhili. Utakapoonyeshwa piramidi hiyo, tazama jinsi kilele kilivyo chembamba, kisha ukumbuke kwamba katika kampuni nyingi za kwetu kasma yote iitwayo ya uwajibikaji kwa jamii imewekwa kwenye kilele hicho tu: madawati, mabati, vifaa vya zahanati, na mkurugenzi akikabidhi mfano wa hundi mbele ya wapiga picha.

Katika kuchagua chuo sitakawia, kwa sababu jina la chuo si jambo kubwa kama wanavyodhani wengi. Harvard imewafundisha wakuu wa kampuni katika kozi yake ya uongozi wa juu tangu 1945. Lausanne kuna IMD, Fontainebleau kuna INSEAD, na Cambridge kuna taasisi iliyojishughulisha hasa na uongozi wa biashara endelevu. Na kwetu Afrika Mashariki iko Strathmore huko Nairobi na ESAMI huko Arusha. Kote huko utapata walimu hodari, na kote huko utapata pia saa za kujazia ratiba tu. Kwa hiyo omba ratiba kwa maandishi, uhesabu saa: ngapi ni za ununuzi, ujira, kodi, mazingira na malalamiko ya watu, na ngapi ni za sifa ya kampuni na namna ya kujitangaza, na ukiona hizi za mwisho zimezidi, tafuta chuo kingine. Uliza vilevile ni nani atakayesema darasani ambaye si mkurugenzi wala mshauri wa wakurugenzi: kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mkaguzi wa kazi wa serikali, au mtu aliyehamishwa shambani kwake kupisha mradi. Darasa ambalo wenye mamlaka huzungumza na wenye mamlaka peke yao juu ya watu wasiokuwapo lina upungufu ambao hapana mwalimu awezaye kuuziba. Ama kuhusu kusoma karibu au mbali, kila upande una faida yake: karibu utakutana na sheria unazoziishi na watumishi wa serikali utakaorudi kufanya nao kazi, na mbali utaweza kufunua aibu za kampuni yako bila kuchelea kwamba mshindani wako ameketi kiti cha pili.

Lakini jambo moja usilifanye kwa hali yoyote, nalo ni kumtuma mkuu wa kitengo cha mawasiliano aende badala yako. Si kwamba yeye hana akili; ni kwamba hana amri juu ya bei, juu ya mikataba wala juu ya mishahara, na atarudi na maarifa ambayo hawezi kuyatumia ila katika kuandika taarifa nzuri zaidi. Iwapo bodi inaweza kulipia watu watatu, nenda wewe, na mkuu wa ununuzi, na mkuu wa fedha, mkae darasa moja, msikie maneno mamoja.

Sasa tuingie katika maandalizi, ambayo mimi nayaona kuwa ni nusu ya elimu yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya safari, agiza uletewe mezani karatasi ambazo kwa kawaida hazipandi ghorofa ya mkurugenzi. Ya kwanza ni orodha ya ankara za wauzaji wadogo, yaani yule akuleteaye mboga za kantini, fundi wa viyoyozi, mwenye malori mawili, mshonaji wa sare za walinzi, na penye kila ankara iandikwe siku iliyopokelewa na siku iliyolipwa. Ukikuta kwamba kampuni yenye akiba benki huwalipa watu hawa baada ya siku 90, ilhali wao wenyewe wamekopa kwa riba ili kuihudumia, basi umekwisha kulipata somo la kwanza kabla ya kufika chuoni: masikini anamkopesha tajiri bila riba, na tajiri katika taarifa yake ya mwaka anajisifu kwa kuwawezesha wajasiriamali.

Ya pili ni daftari la ajali, nalo lisiwe la waajiriwa wako peke yao, bali na la vibarua wa wakandarasi, walinzi wa wakala, wafagizi, madereva na wapakiaji. Maana desturi imeenea ya kuhamishia kwa wakala kazi zenye hatari na ujira mdogo, kisha kuhesabu ajali za waliobaki na kutangaza kwamba kampuni ni salama. Ya tatu ni daftari la malalamiko ya jirani na ya watumishi. Likiwa tupu, usifurahi. Kanuni Elekezi, katika ile ya mwisho, zimetaja sifa ambazo njia ya kupokea malalamiko inapaswa kuwa nazo, miongoni mwake kuaminiwa na wale ambao imewekwa kwa ajili yao, kufikika kwa urahisi, kutabirika hatua zake na kuwa wazi. Na daftari tupu mara nyingi ni dalili kwamba sifa hizo hazipo, kwa kuwa mtu anayejua kwamba malalamiko yake yatasomwa kwanza na yule anayemlalamikia ataona ni heri anyamaze. Ya nne ni utaratibu wa bonasi: nani hulipwa zawadi kwa jambo gani. Karatasi hii usiiache, hata kama mkuu wa utumishi atakuambia ni ya siri, maana ndiyo itakayokueleza kampuni yako inataka nini kwa kweli.

Baada ya karatasi, nenda ukaone. Tembea bila msafara, na ikiwa huwezi kutembea bila msafara, kama ilivyo kwa wengi wenye cheo, mtume mtu muaminifu ambaye watu hawamwogopi. Mlinzi wa langoni aulizwe analipwa na nani, kiasi gani, na mara ya mwisho mshahara ulichelewa siku ngapi. Mama lishe auzaye chakula nje ya ukuta asikilizwe, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye nani anakula kwa mkopo na tangu tarehe ngapi ya mwezi. Anayekaa chini ya bomba lako la maji machafu aulizwe maji yalikuwaje kabla hamjaja. Usiahidi lolote, maana ahadi ya mkubwa iliyotolewa njiani huwa deni, na wewe bado hujajua una uwezo wa kulipa nini. Andika tu katika daftari, kwa lugha ileile waliyoisema, ukalichukue daftari hilo kwenda nalo darasani.

Huko utakuta kwamba kazi kubwa hufanywa kwa visa. Namna hii ya kufundisha, iliyokuzwa Harvard tangu mwanzo wa karne iliyopita, ni kwamba kila mwanafunzi hupewa habari ya kampuni halisi iliyofika njia panda, huisoma usiku, na asubuhi mwalimu humwita yeyote aeleze angefanya nini. Ni njia njema, lakini ina mtego kwa watu wazima wenye madaraka, ambao wamezoea kusema vizuri mbele ya watu: kila mmoja hujibu kwa uungwana, hakuna anayechelewesha shehena wala kupoteza faida isipokuwa kwa maneno, na darasa zima huondoka likiwa limejithibitishia wema wake. Niruhusu basi nikuonyeshe, kwa kisa kimoja ambacho karibu hakika utakutana nacho, namna ya kukisoma kisa ili kikutie kazini.

Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, nyufa zilionekana katika kuta na nguzo za jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Humo mlikuwa na benki na maduka katika ghorofa za chini, na viwanda vitano vya kushona nguo juu yake. Watu wakatolewa jengoni. Siku ya pili yake benki haikuwarudisha watumishi wake. Lakini washonaji waliamriwa kurudi mashineni, wengine kwa tishio la kukatwa ujira, na asubuhi hiyo, tarehe 24, jengo likaporomoka lote. Waliokufa ni watu 1,134, na waliojeruhiwa ni kiasi cha 2,500, wengi wao wanawake vijana waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini.

Atakapouliza mwalimu taksiri ni ya nani, jibu la kwanza litakuwa ni mwenye jengo, aliyeongeza ghorofa bila kibali halali. Na ni kweli. Jibu la pili litakuwa ni maofisa walioacha jengo liinuke; nalo ni kweli. Wewe usikomee hapo, kwa sababu majibu hayo mawili humwacha kila aliyemo darasani akiwa salama. Endelea mpaka kwa mnunuzi. Baadhi ya viwanda vile vilikuwa vimekwisha kaguliwa kwa kanuni za maadili ambazo wanunuzi wenyewe walizitaka, na wakaguzi wakaandika taarifa zao, lakini uimara wa jengo haukuwa miongoni mwa mambo waliyotumwa kuyapima. Fauka ya hayo, katika biashara ile ya nguo kampuni moja ilikuwa na idara mbili zilizosema lugha mbili kwa kiwanda kimoja: idara ya uwajibikaji ikituma kitabu cha kanuni, na idara ya ununuzi ikitaka bei ishuke na muda wa kukabidhi upungue, na mwenye kiwanda, ambaye si mjinga, alijua vema ni idara ipi ishikayo fedha. Hapo ndipo penye somo lote. Amri ya kurudi mashineni asubuhi ile ilitolewa na meneja wa Savar, lakini hofu ya kuchelewesha shehena ilikuwa imetoka mbali.

Kisha tazama kilichofuata, maana hapo pana dawa na si maradhi tu. Mwezi Mei mwaka uleule kampuni za ununuzi na vyama vya wafanyakazi vilitia sahihi mapatano ya usalama wa moto na majengo, yaliyojulikana kama Accord, ambayo hatimaye kampuni zaidi ya 200 zilijiunga nayo. Yalitofautiana na ahadi za zamani kwa mambo manne: yalikuwa na nguvu ya sheria, hata mnunuzi aweza kushtakiwa kwa kuyavunja, wakaguzi hawakuwa wa mnunuzi wala wa kiwanda, taarifa zao zilichapishwa watu wazione, na mtumishi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliona ni la hatari. Ama mfuko wa fidia uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulitimiza dola milioni 30 zilizohitajiwa mwezi Juni 2015, miaka miwili na zaidi baada ya maafa, na urefu wa muda huo nao ni jambo la kutafakari kwa mtu ambaye kampuni yake hulipa gawio kwa tarehe maalumu.

Ukimaliza kukisoma, funga kitabu, ufungue daftari lako ulilolileta kutoka nyumbani, na mahali pa Savar uandike jina la mahali pako: ghala la mkandarasi, bweni la wavuna chai, lori lenye breki mbovu libebalo saruji yako, shimo la kokoto. Nani amekwisha kuziona nyufa? Alimwambia nani? Na ni bonasi ya nani ingepungua kama kazi ingesimama siku moja? Ukiyajibu maswali hayo matatu kwa unyofu, hata kwa faragha, kozi imekwisha kulipa ada yake. Ukiulizwa mbele ya darasa ungefanya nini, usijibu kama mtu wa tarehe 25 ajuaye yaliyotokea. Jibu kama mtu wa tarehe 23 mwenye shehena inayongojwa bandarini na simu isiyonyamaza.

Iko hatari nyingine ya darasani ambayo nitaitaja kwa ufupi, nayo ni kupumbazwa na madaraja na tuzo. Mwezi Septemba 2015 Volkswagen iliwekwa juu ya kampuni zote za magari katika fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones, na mwezi uleule mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba kampuni hiyo iliweka ndani ya magari ya dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Waliopanga daraja hawakuwa na njia ya kuyaona yaliyofichwa na wenyeji, na wala wewe usidhani cheti kilichotundikwa katika ukumbi wako kinajua zaidi ya kile ulichokijaza katika fomu.

Uliza pia ufundishwe sheria zilizo karibu nawe, maana yako mambo yaliyokuwa ya hiari ambayo sasa ni amri. Tanzania, katika marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105 kimemlazimisha mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii uliokubaliwa kwa pamoja na mamlaka ya serikali za mitaa, kwa kufuata vipaumbele vya jamii iliyompokea, na mpango huo sharti upelekwe kwa mamlaka hiyo uidhinishwe. Wakurugenzi wengine huinung'unikia sheria hii kwamba inawapokonya uhuru wa kutoa watakapo. Mimi naona imeleta insafu, kwa sababu kisima kilichochimbwa pasipohitajika ili tu kionekane kutoka barabarani ni hasara kwa mtoaji na ni dharau kwa mpewaji. Lakini natahadharisha kwamba kukubaliana na halmashauri si sawa na kukubaliana na kijiji, na mkuu wa kampuni mwenye busara huhudhuria mkutano wa kijiji mwenyewe, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho, badala ya kutosheka na sahihi za wilayani.

India ilikwenda njia nyingine. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, kilichoanza kutumika Aprili 2014, kinazitaka kampuni kubwa kutumia katika shughuli za jamii angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Fedha nyingi zimetoka kwa njia hiyo na shule nyingi zimenufaika, wala sisemi neno la kuibeza. Ila sheria ya asilimia 2 haisemi kitu juu ya namna zilivyopatikana zile asilimia 98, na darasa litakalokupa India kama mfano wa kuigwa pasipo kuuliza swali hilo litakuwa limekurudisha kileleni mwa piramidi.

Jambo ambalo vyuo vingi hulipitia juujuu, na ambalo ningependa ulidai, ni namna ya kuondoka. Kule Kwale, kusini mwa Mombasa, uchimbaji wa mchanga wenye titani ulioanza kusafirisha shehena mwaka 2014 ulifika kikomo mwishoni mwa 2024, kwa kuwa machimbo hayana budi kwisha. Muda huo wa miaka kumi watoto wamezaliwa na kuanza shule, maduka yamefunguliwa, vijana wamezoea mshahara wa mwezi. Nani atalipa dawa za zahanati kampuni ikiisha kuondoka? Ardhi itarudi mikononi mwa nani, na katika hali gani? Kampuni yenye wajibu hujiuliza hayo mwaka wa kwanza, ikatenga fedha kila mwaka, kwa kuwa mwaka wa mwisho faida imekwisha kugawanywa na waliotoa ahadi wamekwisha kuhama. Na hili si la migodi tu. Kiwanda kinachohamia nchi nyingine na shamba linalouzwa vina hesabu hiyohiyo.

Ama taarifa na viwango, jifunze kiasi cha kukutosha kumsimamia mhasibu wako. Viwango vya GRI, vilivyoanzia Boston mwaka 1997, hutazama athari za kampuni kwa watu na mazingira. Viwango vya IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, hutazama zaidi hatari na fursa zinazomhusu mwenye mtaji. Ni mitazamo miwili tofauti, na inakubidi ujue unasoma kwa upi. ISO 26000 ya mwaka 2010 ni mwongozo, haitoi cheti, kwa hiyo anayekuuzia cheti chake anakuuzia kisichokuwapo.

Utakaporudi, usitangaze kitu. Juma la kwanza bodi itangoja hotuba na gazeti la kampuni litangoja picha. Vinyime vyote viwili kwa muda. Badala yake ipelekee bodi maamuzi machache yaliyo katika uwezo wake, na mimi ningeanza na haya. Kwanza, wauzaji wadogo walipwe ndani ya siku 30, na mkuu wa fedha alete mezani kila robo mwaka idadi ya ankara zilizopita muda huo. Pili, bonasi ya mkuu wa ununuzi isitegemee kushusha bei peke yake; iingizwe ndani yake hali ya watumishi wa wauzaji na wakandarasi, na ikitokea kifo kazini, awe ni mwajiriwa wako au kibarua wa wakala, bonasi ya wakuu wote ipungue, na ya kwako ianze. Tatu, iwekwe njia ya malalamiko ifikayo kwenye kamati ya bodi bila kupita kwa meneja anayelalamikiwa, kwa simu na kwa mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na mlalamikaji aambiwe siku ya kujibiwa.

Utapata upinzani, na mkubwa hautatoka kwa watu wabaya. Utatoka kwa mtu mwema wa fedha atakayekuonyesha, kwa hesabu sahihi, kwamba kulipa mapema kunapunguza fedha taslimu, na kwa mtu mwema wa mauzo atakayesema mshindani hafanyi hivyo. Usiwadharau wala usiwajibu kwa maneno ya chuoni. Wape kazi ya kutafuta gharama halisi ya mambo yalivyo sasa: wauzaji waliokimbia, bei walizopandisha ili kufidia ucheleweshaji, siku za mgomo, kesi, mashine zilizosimama kwa ajali. Mara nyingine hesabu itakuwa upande wako, na mara nyingine haitakuwa. Na pale ambapo haki itagharimu kuliko dhuluma, bodi iambiwe hivyo waziwazi na iamue ikiwa macho wazi, kwa kuwa mkuu aliyezoea kuahidi kwamba wema siku zote huleta faida atakosa la kusema siku wema utakapoleta hasara.

Misaada usiiache. Shule bado zahitaji madawati na wazazi bado huyashukuru, na hakuna aibu katika kutoa. Ila iondoe katika kitengo cha matangazo, uamuzi wake ukae kwa kamati yenye wenyeji ndani yake, na usikubali taarifa ya mwaka ianze na misaada kabla ya ujira, ajali, kodi na malipo ya wauzaji.

Baada ya mwaka mmoja, zile karatasi nne za mwanzo zichukuliwe upya, kwa utaratibu uleule, na tarakimu zake za mwaka huu ziwekwe kando ya zile za mwaka uliopita. Zibandikwe kwa Kiswahili katika ubao wa matangazo wa kiwanda na wa ofisi ya kijiji, si katika tovuti peke yake; na tarakimu iliyozidi kuwa mbaya ichapwe kwa herufi zenye ukubwa sawa na iliyopata nafuu, na chini yake liandikwe jina la mkuu anayehusika na tarehe atakayokuja kijijini kuieleza.